Tokeni Nje, Ninyi Wawili



Tuanze na swali, na kila mmoja alijibu moyoni kabla hajamtazama mwenzake. Ni lini mara ya mwisho ninyi wawili mlikaa pamoja nje ya nyumba, bila mtoto mgongoni, bila jembe, bila mtungi, bila simu, mkiwa hamna kazi nyingine ila kuwa pamoja? Wengi watahesabu miaka. Wengine watarudi nyuma hadi siku za uchumba. Na wapo watakaocheka na kusema kwamba watu wa Kyuso hawana nafasi ya mambo ya watalii.

Anayecheka tunamwelewa. Mtu wa mjini akiambiwa aende porini kutuliza roho, huona ameambiwa jambo jipya na zuri. Kwa mkaaji wa Kyuso pori ni kazi. Mke analijua kwa sababu ya kuni na maji, mume analijua kwa sababu ya mbuzi na mizinga. Jua ni lile lile kutoka Ngomeni hadi Tseikuru, na hakuna anayehitaji kufundishwa jinsi vumbi linavyonukia. Basi hatuji kuwaambia mwende mkatazame milima ya Mumoni kana kwamba hamjawahi kuiona. Tunasema jambo jingine: mnaiona kila siku, lakini kila mmoja anaiona peke yake.

Fikirini siku ya kawaida ya mwezi wa Septemba. Alfajiri mke anateremka na punda hadi mtoni. Mto wenyewe ni mchanga mtupu. Wanawake wamechimba shimo, maji yanachuruzika polepole, foleni ni ndefu. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, na punda mmoja hubeba minne. Mume naye ameshika njia nyingine, anawafuata mbuzi, au anakwenda kutazama mizinga aliyoitundika mbali, au anatayarisha shamba la ndengu akingojea mvua. Wote wawili wameona macheo. Wote wamesikia ndege wakiamka, wote wamepita chini ya mibuyu iliyopukutisha majani. Jioni wanakutana wamechoka, na maneno yao ni haya: Mbuzi wote wamerudi? Unga umebaki kiasi gani? Mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo? Kisha usingizi. Hapo mume na mke wameongea, wala hawakugombana, lakini hakuna aliyejua mwenzake ana nini moyoni.

Mila zetu za Kikamba, kwa uzuri wake wote, hazikutuachia kiti cha watu wawili. Wazee walikuwa na thome, ule uwanja nje ya boma wenye moto, ambapo wanaume waliketi jioni na vijana wakafunzwa utu na ushujaa. Wanawake walikuwa na jiko lao, na huko nako palifundishwa mengi. Hatuudharau mpango huo. Ulilea watu wenye adabu kuliko wengi tunaowaona leo. Lakini mume na mke walikutana wapi kuzungumza wakiwa wawili tu? Siku hizi thome nyingi zimezimika, na wanaume wengi wamehamia kwenye baa ya sokoni. Kile kiti cha wawili bado hakijapatikana. Nyumba nayo ni ndogo, watoto wana masikio, na mama mkwe analala chumba cha pili. Ndiyo maana tunasema kitafuteni nje.

UKAME HUINGIA HADI CHUMBANI

Msione kwamba hili ni jambo la anasa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, maeneo makavu ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Nanyi mnajua maana yake huku kwetu, ambako mkulima huweka tumaini lake zaidi katika mvua za Oktoba hadi Desemba. Mbuzi waliuzwa kwa bei ya kutupa. Watu walipanda, mbegu ikaungua; wakapanda tena.

Mengi yalisemwa kuhusu chakula cha msaada na visima. Machache sana yalisemwa kuhusu ndoa. Lakini mtu akikaa na wanandoa waliopita katika miaka kama ile, ataona jambo moja linajirudia. Mume anajiona ameshindwa kuwa baba wa nyumba, na aibu yake inatoka kinywani ikiwa hasira. Mke anajifunza kunyamaza, kwa kuwa kila neno lake, hata kuuliza tu kama chumvi ipo, linasikika kama lawama. Kila mmoja ananyamaza akidhani anamlinda mwenzake. Kisha mvua inarudi, majani yanachipua, mbuzi wengine wananunuliwa, na ule ukimya unabaki pale pale. Umekwisha kuwa desturi ya nyumba. Watoto wanakua wakidhani hivyo ndivyo mume na mke wanavyoishi.

Ukimya wa namna hii haufunguliwi kwa kuketi uso kwa uso mezani na kusema, "Haya, tuzungumze." Mume ataona ameitwa mahakamani. Wengi tunaongea vizuri zaidi tukiwa bega kwa bega, macho yetu yakitazama kitu kingine, miguu ikitembea. Mchungaji anajua hilo. Wawili wakifuata mbuzi siku nzima, kufikia jioni wameelezana mambo ambayo wasingeyasema nyumbani hata kwa kulazimishwa. Tena ukimya wa nje si mzito kama ule wa chumbani. Upepo unavuma, ndege analia, kengele ya mbuzi inasikika kule bondeni, wala hakuna anayejiona ametengwa.

Wataalamu nao wamelitazama jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliopasuliwa kuondolewa kifuko cha nyongo. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko wenzao ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Hiyo ilikuwa miti ya kuonekana dirishani tu, na mgonjwa yu kitandani. Sisi tunayo miti ya kuketi chini yake.

ELIA CHINI YA MTI

Hebu fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, mkisome pamoja jioni moja. Nabii Elia amekimbia. Amechoka na maisha, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti wa mretemu na kumwomba Mungu amtwae afe. Nchi ile ni kavu kama yetu. Mwana wa Kyuso hahitaji kuelezwa kivuli cha mti mmoja katika jangwa ni kitu gani.

Angalieni Mungu alifanya nini. Hakumhoji kwanza, wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate na mtungi wa maji. Elia akala, akanywa, akalala tena. Akagutushwa mara ya pili, akala tena, ndipo akapewa njia ya kutembea, siku arobaini hadi mlima Horebu. Na huko juu, baada ya upepo mkali, tetemeko na moto, ilikuja sauti ndogo ya utulivu. Huko mlimani Elia akaweza kusema yaliyomsumbua.

Mpangilio huo una faida kubwa kwa wanandoa. Usimwite mwenzako kwenye mazungumzo mazito akiwa na njaa na usingizi. Mke aliyerudi mtoni sasa hivi, mtungi haujatua, si wa kuulizwa kwa nini siku hizi hacheki. Mume aliyeshuka kwenye matatu kutoka Mwingi baada ya safari ya kutwa nzima si wa kupokewa na orodha ya madeni mlangoni. Kwanza maji ya kuoga, chakula, kulala. Halafu njia. Maneno yatakuja yenyewe.

Yesu alikuwa na moyo huo huo. Mitume waliporudi kutoka kazini, watu wakawajalia hata wakakosa nafasi ya kula, aliwataka waende naye mahali pasipo watu wapumzike kidogo (Mk 6:31). Na katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 7, ni mke anayemwalika mpenzi wake watoke pamoja kwenda mashambani, walale vijijini, waamke mapema kutazama kama mizabibu imechanua. Mama, usingoje kualikwa. Biblia imekupa ruhusa.

Walakini miti inaweza kutumiwa vibaya pia. Mungu alipotembea bustanini wakati wa upepo wa jioni, Adamu na Hawa walikuwa katikati ya miti, lakini walikuwa wamejificha (Mwa 3:8). Yuko mume anayekwenda kwenye mizinga yake siku tatu kwa wiki, na nyuki wamwone zaidi ya wanawe. Huyo hatafuti utulivu. Anakimbia.

WAJIBU WA KUKETI

Mwaka 1939 mjini Paris, wanandoa wanne vijana walianza kukutana na padre mmoja, Henri Caffarel, wakitaka kujua jinsi ya kuishi Sakramenti ya Ndoa kama njia ya utakatifu. Kutokana nao kilizaliwa chama cha Timu za Mama Yetu, ambacho kimeenea nchi nyingi. Mwaka 1945 Padre Caffarel aliandika kuhusu jambo aliloliita wajibu wa kuketi. Alilitoa katika Injili ya Luka 14:28, pale Bwana anapomtaja mtu atakaye kujenga mnara, jinsi anavyoketi kwanza na kupiga hesabu. Basi mume na mke nao hawana budi kutenga saa kadhaa kila mwezi, waketi mbele ya Mungu, waitazame nyumba yao kwa utulivu. Padre yule aliona kwamba watu wema, wenye bidii ya kazi na hata ya kanisa, ndio wanaosahau kuketi.

Na marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba urafiki wetu na Mungu umefungamana na mahali fulani duniani: aliyekulia vilimani, au aliyezoea kukaa penye chemchemi ya maji, akirudi huko hujipata tena. Jiulizeni mahali penu ni wapi. Kwa wengine ni mwamba fulani mlipokuwa mkipitia mkitoka sokoni siku za uchumba. Kwa wengine ni kisima, ambako kijana alijitia kiu kila alipomwona msichana fulani. Mwende mkapaone.

SASA TUFANYEJE?

Njia iliyo rahisi kuliko zote haihitaji saa ya ziada wala senti. Ni njia ya kurudi nyumbani kutoka Misa. Wengi wetu hutembea mwendo mrefu kutoka kigangoni, na desturi yetu mnaijua: wanaume mbele kwa kundi lao wakizungumza siasa, wanawake nyuma na watoto. Jumapili ijayo waacheni watoto watangulie, nanyi mfuate pamoja, mume na mke. Majirani watatazama. Mmoja atasema mzee amewekewa kamuti na mkewe. Mwacheni aseme, wiki ya tatu atachoka, na huenda wiki ya nne mkamwona naye anatembea na mkewe.

Wanaoweza kuongeza, watafute jioni moja kila juma, yapata saa kumi na moja, jua likishapoa. Chagueni mti wenye kivuli usio mbali na boma. Pale ambapo usalama si mzuri, hasa sehemu za kuelekea mto Tana, msiende mbali. Hata nyuma ya zizi panatosha. Simu zibaki nyumbani. Robo saa ya kwanza msiseme neno. Tazameni tu, sikilizeni tu. Halafu kila mmoja ataje kitu kimoja alichokiona ambacho mwenzake hakukiona. Mtashangaa. Mume ataona nyuki wanaelekea wapi, mke ataona mti gani umeanza kutoa majani kabla ya mvua. Baada ya hapo, kila mmoja aseme jambo moja linalomlemea au lililomfurahisha juma hilo, na mwingine asijibu upesi. Asijitetee. Asikilize hadi mwisho, kisha aseme alivyosikia.

Mambo matatu yapigwe marufuku pale chini ya mti: karo, madeni, na ndugu wa upande wowote. Hayo yana siku yake, nayo ni muhimu, ila yakija hapo yatakula muda wote kama mbuzi aliyeingia kwenye kunde. Mkimaliza, salini. Baba Yetu moja inatosha, au mshukuruni Mungu kwa vitu mlivyoviona, kimoja kimoja kwa jina lake.

Kuna mambo ya kutazama ambayo wengi tumezaliwa karibu nayo na hatujayaona. Ua la mbuyu hufunguka jua linapozama, jeupe, kubwa kama kiganja, na popo hulitembelea usiku; kesho yake linaanza kunyauka. Kuelekea mvua za mwisho wa mwaka, kaeni chini ya mbuyu wenye machipukizi ya maua mngoje giza. Hakuna tiketi. Vilevile kama penu kuna bwawa la mchanga, kama yale mengi yaliyojengwa Kitui tangu miaka ya 1990, nendeni mkaketi ukingoni. Ukuta umezuia mchanga, na mchanga umeyaficha maji ili jua lisiyanyonye. Wengi wenu mliubeba mchanga na mawe ya kuta hizo kwenye mwethya, mkawa hamjarudi kukaa hapo hata siku moja kama watu waliomaliza kazi.

Lakini mtoni muwe na akili. Tarehe 4 Desemba 2021 mto Enziu, upande wa Mwingi, ulilisomba basi lililobeba wanakwaya na waumini Wakatoliki waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tunaendelea kuwaombea. Mto wetu huonekana mkavu na mpole wakati mvua inanyesha mbali msikokuona. Miezi ya mvua ketini juu, msiketi kwenye mchanga.

Kwa wale ambao mume anafanya kazi Nairobi au Mombasa, tunajua mazungumzo ya simu yamekuwa ya pesa tu: umetuma, imefika, haitoshi. Jaribuni hivi. Mara moja kwa juma, mume apige simu akiwa nje, chini ya anga, na mke naye atoke nje ya nyumba, na wakati huo msitaje pesa. Mwambiane mnaona nini. Mwezi ni ule ule Mombasa na Kyuso. Naye akija nyumbani mwisho wa mwezi, ile jioni ya pili, baada ya kulala, iwe yenu wawili kabla haijawa ya wageni.

Hatuna budi kusema pia yale ambayo mti hauwezi. Mke anayepigwa asiambiwe aende kutembea na anayempiga. Aende kwa watu anaowaamini, kwa paroko, kwa chifu au polisi, na kwanza kabisa awe mahali salama, yeye na watoto. Mume au mke aliyetekwa na pombe anahitaji msaada zaidi ya upepo wa jioni. Tunayasema haya kwa sababu wapo wanaotumia ushauri wa kanisa kumfunga mtu katika mateso, na huo si ushauri wa kanisa.

Tukumbuke pia kwamba kiti hiki kinaweza kutoweka. Makaa yamemaliza miti mingi, hata mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ikapiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti. Mkiwa na nafasi ya miche miwili, pandeni mukau na mkwaju karibu na boma mvua zikianza Novemba. Mukau unavumilia ukame, na mkwaju una kivuli kizito. Mume achimbe, mke ashike mche, au kinyume chake, na wote wawili mgawane maji ya kuumwagilia wakati wa kiangazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

Ni mahali gani pa nje panapokukumbusha siku tulipoanza kupendana? Wakati wa ukame uliopita, ni jambo gani ulilinyamazia kwa ajili yangu? Kati yetu, ni nani anayekwenda porini kupumzika, na ni nani anayekwenda kujificha? Jumapili ijayo tukitoka Misa, tutatembeaje?

Jibuni mawili tu juma hili, mkiwa nje. Watoto waachieni bibi yao, naye mwambieni ukweli, kwamba mnatoka kwenda kuzungumza.